Nyama ya Jumamosi

Kabla ya kugonga fimbo mara ya tatu, alikuwa anakunywa maji. Hivyo ndivyo nilivyomjua mimi, pale uwanja wa kanisa letu Sekei, kila Jumapili baada ya ibada, akinadi sadaka za mazao. Mkungu wa ndizi umelala mezani, bei imefika mahali watu wanatazamana, yeye ameinua fimbo juu, "mara ya kwanza... mara ya pili...", halafu kimya. Anabana fimbo kwapani, anatoa chupa ndogo mfukoni mwa koti, anafungua kizibo taratibu, anapiga funda moja, anafunga, anarudisha. Kwenye kimya kile lazima mtu mmoja moyo umlegee aongeze. Watu waliita ufundi. Mchungaji aliyehamishiwa kwetu mwaka ule alimsifu hadharani, akasema katika sharika zote alizopita hajaona dalali anayejua kunyamaza kama huyu, na sote tukapiga makofi.

Haukuwa ufundi. Alikuwa hana mate. Mionzi aliyopigwa shingoni huko Dar, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, iliua saratani ikaua na mate, na mtu asiye na mate hawezi kusema maneno kumi ulimi usinate kwenye kaakaa. Nilikuwa jirani yake muda mrefu kabla hajaniambia. Aliponiambia aliniomba nisimfikishie mchungaji, kwa sababu alisema sifa ya bure nayo ni sifa.

Jina lake silitaji. Usharika mzima ulimwita Mzee wa Mnada, na sidhani kama wapo wengi waliolijua jina lenyewe. "Jina langu liko kwenye faili la hospitali," alisema, "liacheni huko huko."

Kabla ya kuuza majogoo ya sadaka alikuwa dalali wa ng'ombe, kwenye minada ya upande wa magharibi wa mlima wetu. Wafugaji wa kule wanamkumbuka kwa jambo moja. Madalali wenzake walikuwa wanamsimamisha ng'ombe mbovu wa mguu kwenye majani marefu, au kumgeuza upande ule wa jicho zima. Yeye alianza na kasoro. "Huyu jicho la kushoto halioni. Huyu alitupa mimba mwaka jana. Huyu ana roho mbaya, anapiga mateke anayemkamua. Msije mkasema sikusema." Ndipo anataja bei. Ng'ombe wake walikuwa wanaondoka wa kwanza. Aliniambia siri yake: mnunuzi akishasikia kasoro zote, haogopi tena, anaona kilichobaki ni ng'ombe.

Kanisani aliendelea hivyo hivyo. Aliinua trei la mayai akasema mawili yana ufa, anayetaka mayai ya kuatamiwa asijisumbue. Aliinua jogoo akasema, "Huyu ni mzee, mwenye meno ndiye amnunue, mimi sina." Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Meno kweli hakuwa nayo. Yalikuwa yameoza yakatoka moja moja, miaka kadhaa baada ya kutoka hospitali, na yale ya bandia yalikataa kukaa kwa sababu fizi zilikuwa kavu kama udongo wa Januari. Lakini nani angeshughulika na meno ya mtu anayetuchekesha?

Kuna mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi aliyekasirika kabisa, akaenda kumshtaki kwa wazee wa kanisa kwamba dalali ana upendeleo: waliokaa kulia anawasikia, waliokaa kushoto wanapiga kelele mpaka bei inafungwa. Wazee wakamwita. Akakubali kosa, akaomba radhi, Jumapili iliyofuata akasimama upande wa pili wa meza ili waliokuwa kushoto wawe kulia kwake. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Aliona ni nafuu aitwe mwenye upendeleo.

Koti lake lilikuwa zito, la kijivu, la mtumba wa soko la Kilombero. Alilivaa Julai wakati Sekei inaganda, akalivaa Januari wakati sisi tunajipepea na vitabu vya nyimbo. Baridi yake ilitoka ndani. Na alikuwa hageuki shingo. Ukimwita kwa nyuma aligeuka mwili mzima, miguu kwanza, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Wageni walidhani ni heshima ya kizamani, anakugeukia kwa mwili wote.

Mbwa wa mtaa walimpenda mno, na hiyo ilinishangaza kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na habari na mbwa. Nikaja kuelewa kwenye harusi moja ya Sakina. Ndafu imekatwa, mbuzi mzima wa kuchoma, na yeye kama mzee anapewa kipande cha kwanza kwenye kijiti. Akapokea kwa mikono miwili, akageuka, mwili mzima, akacheza hatua mbili tatu na muziki. Aliporudi alikuwa anafuta midomo kwa leso na kusifu chumvi. Nyama ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Harusi ngapi alikula hivyo sijui, ila mbwa walikuwa wanajua hesabu yake vizuri kuliko sisi.

Alichokula kweli ni mtori. Kwetu Wachaga mtori, ndizi zilizopondwa na mchuzi, ni chakula cha mzazi, mwanamke aliyejifungua ambaye bado anakaa ndani. Mwanaume mzima anakunywa siku mbili akiwa na mafua, tena kwa kujificha. Yeye alikunywa asubuhi na jioni kwa miaka ishirini. "Mimi ni mzazi wa kudumu," alisema. "Sijawahi kutoka ndani." Bakuli moja lilimchukua saa nzima na zaidi. Alifunga mlango, akainamisha kidevu kifuani kwa jinsi alivyofundishwa, akameza kidogo, akasubiri kuona kimekwenda njia gani, akameza tena. Mkewe alikaa nje ya mlango akisuka mikeka, akisikiliza. Mzee akikohoa mara moja, yeye anaendelea kusuka. Akikohoa mara tatu anaingia.

Unaweza kuuliza kwa nini hakusema. Na mimi nilimuuliza, nikiwa na hasira. Alinisimulia habari ya kondoo.

Aliporudi kutoka Dar, ukoo ulimfanyia ibada ya shukrani. Akapeleka kondoo dume mbele ya madhabahu, akashuhudia kwamba amepona, kondoo akatolewa nje akapigwa mnada na dalali mwingine. Kwetu anayenunua kitu cha shukrani anaweza kumrudishia mwenyewe, kama baraka, naye akakitoa tena. Kondoo yule alinunuliwa na kurudishwa mara tatu, na kila mara watu walishangilia zaidi. Wa mwisho alimkabidhi kamba akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Nenda kamchinje, ule nyama, umepona!" Na wakati huo koo lake lilikuwa kidonda kitupu. Hata uji ulikuwa unamtoa machozi. "Nilishika ile kamba," aliniambia, "nikasema amina."

Hakumchinja. Alimpa jina Shukrani, akamfuga nyuma ya nyumba mpaka akafa kwa uzee. Na tangu siku ile hakuweza kulalamika. "Ukishashukuru mbele za watu umemaliza. Ukirudi kusema koo linabana, itakuwa kama unarudisha bidhaa dukani, na hili duka mwenyewe unamjua."

Alijaribu, ni lazima niseme. Alikwenda zahanati moja, daktari kijana akasoma kadi yake akamwambia, "Mzee, wewe saratani yako iliisha zamani. Huu ni uzee." Akamjibu, "Basi ni uzee wa shingo peke yake, maana miguu bado inacheza." Wote wawili wakacheka, akapewa dawa ya kifua. Wanawe wawili, mmoja Mwanza, mmoja Dar, walimwambia kwenye simu, "Baba, mshukuru Mungu. Wenzako wangapi hawapo?" Hilo nalo lilikuwa kweli. Kati ya wale aliolala nao wodi moja alibaki peke yake. Ukishakuwa uliyebaki, huna haki ya kuumwa. Mgonjwa ana saa ya kutembelewa, analetewa juisi na machungwa. Aliyepona anaombwa mchango.

Mchango wake ulikuwa Jumamosi.

Umoja wa wanawake wa usharika ndio walioanzisha, kwa moyo mzuri kabisa, na hapo ndipo ninaposhindwa kuwalaumu. Kila mtu aliyeambiwa ana saratani, hasa ya sehemu za koo, walimpeleka Jumamosi saa nne kwa Mzee wa Mnada, akamwone kwa macho mtu aliyepona. Walimpeleka ili apate moyo wa kwenda Dar, kwa sababu wengi walikuwa wanakata tamaa wanarudi nyumbani kunywa mizizi. Naye alioga, akavaa koti, akakaa sebuleni kwenye kiti chenye mikono. Halafu mkewe alileta sahani, na Mzee akala nyama mbele yao.

Nyama ile ilikuwa imechemshwa tangu alfajiri. Kipande chenyewe kilikuwa kama ukucha wa kidole gumba. Lakini ilikuwa nyama, na mtu aliyekuja na kibuyu cha uji mkononi alimwona kwa macho yake mtu aliyekuwa na ugonjwa wake anaitia mdomoni, anaitafuna kwa fizi, anaimeza, anasema, "Ee, Mungu ni mwema." Dalali aliyemtangaza ng'ombe kwa kasoro zake hakutaja kasoro hata moja ya mwili wake.

Mimi nilikaa kwenye sebule hiyo. Nilimpeleka mume wangu.

Baba Upendo alikuwa fundi wa gereji Sakina, barabara ya Nairobi, mtu wa kilo tisini aliyekuwa anainua injini na wenzake huku anapiga soga. Siku tulipoingia kwa Mzee suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Koo lilikuwa limeziba, anapitisha maji tu na uji mwepesi. Madaktari walisema kuna mionzi Dar, ila hawakutuahidi kitu. Yeye alishaamua. Alitaka kwenda kwao Machame, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, akae chini ya migomba na mama yake, mwisho umkute huko. Nilikuwa nimeshapakia nguo zake. Mama Mwenyekiti wa umoja wa wanawake akatuomba tupitie kwanza kwa Mzee wa Mnada, nusu saa tu.

Akala ile nyama. Mume wangu alimwangalia koo, lile fundo la koo linavyopanda na kushuka, kama anavyomwangalia mtu anayewasha gari alilolitengeneza. Ilipopita, alitabasamu. Sikuwa nimeyaona meno ya mume wangu kwa miezi. Alisimama mwenyewe, akatoka mwenyewe hadi getini.

Mimi nilisahau kanga yangu kwenye kiti, nikarudi. Sebule ilikuwa tupu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikamwona Mzee ameinamia ndoo, mkewe amemshika mgongoni, anakohoa kikohozi ambacho sijasikia kingine kama hicho, nyama inatoka, maji yanatoka puani. Alipopata pumzi alisema kwa ile sauti ya mnadani, "Amenunua?"

Mkewe akamjibu, "Amenunua."

Nilichukua kanga yangu. Ningeweza kutoka pale nikamwambia Baba Upendo nilichokiona. Hatua kumi na mbili kutoka mlangoni hadi getini. Alikuwa amesimama anazungumza na Mama Mwenyekiti habari za basi la Dar, na alikuwa bado anatabasamu. Nilimshika mkono nikasema, twende.

Baba Upendo alifia Dar, wiki ya tano ya mionzi, kwenye wodi yenye feni isiyozunguka. Kihamba alikiona akiwa ndani ya sanduku. Mama yake aliniuliza mara moja tu, "Si alisema anakuja?" Hakuniuliza tena, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Mimi ni mtu wa kinyongo, nakiri. Nilimchukia Mzee wa Mnada kwa mwaka mzima. Jumapili mnada ukianza naondoka. Nikikutana naye njiani natoa shikamoo kama mtu anayetema kokwa. Siku moja nilisikia mkewe amefariki, presha, ghafla, akiwa anamenya ndizi. Baada ya msiba nilikwenda, nikijiambia naenda kutoa pole. Kweli nilikwenda kugombana.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mama Upendo. Nilijua utakuja. Umechelewa."

"Ulitudanganya."

"Niliwadanganya," alisema. Hakupepesa hata kidogo. "Kwa ng'ombe sijawahi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayekataa. Huyu alikubali. Nikamwuliza kwa nini. Akapiga funda lake la maji. "Kuna waliokwenda wakarudi," alisema. "Wachache. Yupo mama mmoja Usa River, yupo mwalimu mmoja. Nisingekula, na hao wasingekwenda. Wewe niambie ningejuaje mapema nani ni nani." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na hao waliorudi hawaji kunisalimia. Tukikutana hatutazamani. Kila mmoja anamjua mwenzake anavyokula."

Nikamwuliza swali moja zaidi. Kama angejua miaka hii itakavyokuwa, mate, meno, sikio, mtori, angekwenda Dar?

"Ningekwenda. Halafu kila asubuhi ningejuta, kama ninavyofanya sasa. Usiniulize tena."

Niliangalia jikoni nikaona hajala. Sufuria ya mwisho aliyopika marehemu ilikuwa imeota ukungu. Nikamenya ndizi nikimlaani kimoyomoyo. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa yake, na mwishowe mimi ndiye niliyekaa nje ya mlango nikihesabu kikohozi. Watu wa mtaa walisema nimemsamehe. Sikumsamehe. Nilikuwa sina mtu mwingine aliyejua nilichokiona jikoni siku ile, na yeye hakuwa na mtu mwingine aliyejua kabisa. Na Jumamosi zikaendelea, ila nyama nikawa naichemsha mimi. Ndiyo, mimi. Nilijiambia kama lazima aile, basi iwe laini.

Mwaka jana mtori ulianza kukwama. Nikauchuja kwa kitambaa, ukakwama. Mwisho ikawa maji ya mtori tu, kwa kijiko, na nusu yanarudi. Koti likaanza kumpwaya kama suruali ya Baba Upendo. Nilimvuta hadi hospitali ya rufaa, na mara hii tukampata daktari mama aliyekaa naye muda mrefu. Alieleza vizuri. Saratani haijarudi. Ni mionzi ya zamani, inaendelea kukausha na kukaza mwaka hadi mwaka, na koo sasa limebaki tundu la sindano, tena kinachopita kinaangukia mapafuni. Dawa ya kulirudisha hakuna. Kilichopo ni kumwekea mpira tumboni alishwe kwa huo, asitie tena kitu mdomoni. Bila huo mpira, njaa au homa ya mapafu itamchukua, kimoja kati ya hivyo, na si muda mrefu.

"Lini?" niliuliza.

"Hata kesho. Jumatatu asikose."

Tulipotoka nje aliegemea ukuta, mlima uko wazi mbele yetu bila wingu, akaupa mgongo. "Jumamosi kuna binti wa shamba la maua," alisema. "Mtu mwenye mpira tumboni, nani atamwamini kwamba amepona?"

"Mzee, utakufa."

"Jumamosi ipite kwanza."

Nikamwambia basi, kwa mara moja tu, amwambie huyo binti ukweli. Aanze na kasoro. Alinigeukia mwili mzima. Akasema sawa.

Binti alikuja na dada yake na Mama Mwenyekiti. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, anafunga maua ya kusafirishwa huko Usa River, vidole vimejaa michubuko ya miiba. Uvimbe ulikuwa nyuma ya pua, umeshateremka shingoni, ameufunika kwa mtandio. Ana mtoto wa miaka minne, na mama mkwe amemwambia saratani ikishaguswa inakasirika. Dar aliogopa. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mimi nilikuwa nimeweka sahani mezani kwa mazoea, kipande kile kile, nikaifunika kwa kawa.

"Shikamoo Mzee," alisema.

"Marahaba mwanangu. Nisikilize kabla hujasema kitu." Akakaa sawa. Sauti ya mnada wa ng'ombe ikatoka, ile niliyosimuliwa tu, kavu, haina utani. "Shingo hii haigeuki. Sikio hili halisikii. Meno sina hata moja. Mate sina, nimekunywa maji kila baada ya sentensi kwa miaka zaidi ya ishirini. Baridi hainiachi. Sijala ugali tangu wewe ukiwa shule. Na sasa hata mtori hauniingii, wanataka kunitoboa tumbo. Msije mkasema sikusema."

Akatoa chupa, akalowesha midomo. Kimya kikaingia sebuleni. Nikajua amefanya, hatimaye, na kwamba kama Baba Upendo angesikia maneno haya angepanda basi la Machame.

Binti alikuwa anamtazama. Uso wake ukafunguka taratibu.

"Miaka zaidi ya ishirini," alisema.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia Mzee. Lakini upo. Mimi naomba mitano tu, mtoto ajue kusoma." Akacheka, huku analia. "Lakini wewe ulipona."

"Mungu ni mwema!" alisema Mama Mwenyekiti. Dada mtu akaitikia.

Binti akaangalia meza. "Wamama wamesema huwa unakula. Kula kidogo Mzee, nikuone. Nikiwa huko nikizidiwa nitakukumbuka."

Mzee wa Mnada hakumwangalia yeye. Alinigeukia mimi. Daktari mama alikuwa amesema asitie kitu mdomoni, na mimi ndiye niliyekuwa na barua yake kwenye mkoba. Nilikuwa na miaka mingi ya maneno ya kusema kwenye sebule hiyo. Binti alikuwa anatabasamu, na nilikuwa nimeshaliona tabasamu hilo. Nikafunua kawa. Nikaisogeza sahani mbele yake.

Aliichukua kwa vidole akaitia mdomoni. Akasogeza taya mara tatu, nne, akaisukumia kwenye shavu akaibana hapo, akainua kidole juu kushukuru. Binti akapiga makofi kama mtoto. Mama Mwenyekiti akasema tuombe, akaomba kwa kirefu, akamtaja Mzee mara nyingi kama ushuhuda ulio hai. Mimi nilifumbua macho nikawa naangalia shavu lake.

Waliposimama kuaga, Mama Mwenyekiti alimwinamia kwenye sikio zima. "Mzee wetu, kuna baba mwingine, fundi wa magari hapo Sakina, ana watoto wadogo. Amekata tamaa kabisa, anataka kurudi kwao. Tumlete Jumamosi ijayo?"

Hakuweza kufungua mdomo. Nilimwona anatafuta namna. Binti alikuwa bado mlangoni, anamwangalia. Shingo yake ilikuwa haiwezi kukataa wala kukubali, kwa hiyo akainama na mwili wote, mbele, mara moja.

"Ubarikiwe," alisema Mama Mwenyekiti.

Nilisubiri geti lifungwe. Nikakinga kiganja chini ya kidevu chake, akaitema. Ilitoka nzima, kama ilivyotoka kwenye sufuria, haina hata alama. Alihema kwa muda, kichwa kwenye kiti. Halafu akaniuliza, kwa sauti iliyobaki ndogo sana:

"Amenunua?"

Nilikuwa bado nimeishika ile nyama.

"Amenunua, Mzee," nilisema.

Akafumba macho. "Basi mwambie daktari mpira usubiri," alisema, "mpaka huyo fundi apite."